Basi Linafika, Maji Yamepwa

Asalam aleikum. Shikamooni wazee wangu, kina mama natumai mko salama, na nyinyi vijana wa pale mlangoni ingieni ndani bwana, pilau haitoki mpaka nimalize. Mwenyekiti aliponipigia simu alitaka niongee kidogo juu ya maendeleo ya manispaa yetu ya Lamu, nikamwambia mwenyekiti maendeleo siyajui, mimi najua magari. Miaka kumi na moja niko ofisi ya sacco ya matatu hapa hapa Nairobi, naamka saa tisa usiku kupanga gari gani itoke ya kwanza, gari gani ikae foleni, dereva gani amelala na funguo. Akasema basi ongea hayo hayo. Kwa hivyo leo ni habari ya safari ya kwenda nyumbani tu, na hata hiyo si yote, nataka sana zile hatua kama ishirini hivi za kutoka mlango wa basi pale Mokowe mpaka kukanyaga boti. Hizo hatua ishirini ndizo zimenisimamisha hapa.

Najua humu ndani kuna waliozaliwa Amu, yaani kisiwani Lamu, wakaja mjini kutafuta, kuna watoto wetu wa Eastleigh na South C na Pumwani wanaoiona Amu mara moja kwa mwaka wakati wa Maulidi, na naona kuna mashemeji pia, karibuni sana. Kwa ajili ya mashemeji nianze na njia. Unatoka Nairobi usiku kwa basi, ama unapanda treni, hii SGR imeanza 2017 na imetusaidia, lakini treni inakuacha Miritini na magunia yako na bado mji wote wa Mombasa uko mbele. Hiyo ni karibu kilomita 480. Asubuhi unapanda basi la pili, Mtwapa, Kilifi, Malindi, Garsen, unavuka Mto Tana, Witu, Hindi, Mokowe, na hapo barabara inaisha kwa sababu nchi kavu yenyewe imeisha. Mbele ni maji, ng'ambo ya maji ndio kwetu.

Wazee mnakumbuka njia hii ilikuwa ya maji kote kote. Kutoka kisiwa cha Mombasa kwenda Nyali mlipita daraja la kuelea, lile la 1931, mpaka 1980 ndipo likaja hili la zege. Kilifi mlikuwa mnakaa foleni ya kivuko pale Mnarani, mnanunua korosho, mtoto analia, mpaka daraja likafunguliwa 1991. Vivuko vya kaskazini vikazikwa kimoja kimoja, chetu kikabaki. Silalamiki kwamba kimebaki, ngojeni nitafika huko.

Barabara nayo muiheshimu, wallahi. Kutoka Garsen mpaka Lamu ni zaidi ya kilomita 100 na sisi tumeijua ikiwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa masika, mimi nimelala ndani ya basi usiku mbili tunasubiri tope likauke, tunagawana mkate wa mofa na watu tusiowajua na tukatoka hapo ndugu. Kazi ya lami ilianza 2017 na leo basi linateleza. Si kwamba shida zimekwisha, mafuriko ya Novemba 2023 yalikata njia pale Lango la Simba na watu wakakwama pande zote mbili. Na kuna lile jingine ambalo sitaki kulipitia kama jambo dogo. Mpeketoni Juni 2014, zaidi ya watu 60 waliuawa. Januari 2020 basi likashambuliwa pale Nyongoro. Watu wetu wamekufa kwenye barabara hii wakienda nyumbani kama mimi na wewe. Ndiyo sababu kuna sehemu mabasi yanasindikizwa na polisi, yanangojana, yanakwenda kwa msafara, na ndiyo sababu sitawahi kusimama hapa nikamwambia dereva wa Lamu kwamba anachelewa kwa uvivu. Saa ya basi la Lamu haiko mikononi mwa dereva peke yake.

Sasa hiyo ni saa moja. Kuna saa ya pili.

Watoto wa Nairobi nisikilizeni vizuri kwa sababu hili hamfundishwi Eastleigh. Basi lina saa ya ukutani, kila siku litatoka Mombasa asubuhi na mchana liko Mokowe, kesho vile vile, kesho kutwa vile vile. Bahari haina saa hiyo. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hivyo leo yakijaa saa nane mchana kesho ni karibu saa tisa, na baada ya wiki moja ile saa nane uliyozoea kukuta maji utakuta mchanga. Halafu kuna bamvua, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji yanapanda sana yanashuka sana, kwetu tofauti inafika karibu mita 3, yaani kutoka sakafu ya chumba mpaka dari. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, hayana nguvu hayo. Bibi yangu Mungu amrehemu hakujua kusoma saa ya mkono, lakini ukimtajia tarehe ya mwezi wa Kiislamu anakwambia maji yako wapi bila hata kugeuza shingo dirishani. Angekuwa hai ningemwajiri ofisini kwetu, angepanga magari kuliko mimi.

Na hapo nazungumzia Amu tu ambako si mbali na Mokowe. Ukiwa wa kisiwa cha Pate, wa Siyu, Faza, Kizingitini, wewe safari yako ndiyo kwanza inaanza. Kuna ule mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, tunauita Mkanda, maji yakijaa boti inapita humo kwa raha, yakipwa unasubiri ama unazunguka nje baharini, na kama ule upepo wa kusi umepamba moto huko nje mashemeji msijaribu, mtatapika mpaka majina ya babu zenu. Nina rafiki wa Faza anasema Nairobi mpaka Mokowe ni safari, Mokowe mpaka Faza ni mtihani.

Haya. Mwaka juzi nilimsindikiza khalati yangu, dadake mama, kutoka Mombasa. Alikuwa amefanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, jicho moja limefungwa bandeji, na la pili nalo halikuwa na maajabu. Pale ofisini tulikokata tiketi tuliambiwa tutafika saa nane mchana. Basi likaharibika baada ya Witu. Mimi gari kuharibika sioni ajabu, naishi na magari mabovu, kwa hivyo nilikaa kimya nikamfungulia khalati maji akanywa. Fundi alitoka mbali, spea ikatoka mbali zaidi. Polisi wakatusindikiza, tukafika Mokowe saa mbili usiku.

Ilikuwa tarehe 27 ya mwezi wa Kiislamu. Naona wazee mshaanza kutikisa vichwa, nyinyi mmeelewa kabla sijasema. Tarehe 27 hakuna mwezi angani, kiza totoro. Na yale maji yalikuwa yamejaa saa nane mchana, ile ile saa nane tuliyoahidiwa, sasa hesabu saa sita mbele, saa mbili usiku yako chini kabisa. Tungefika kwa wakati khalati angeingia botini kama anayeingia chumbani kwake. Tumefika usiku boti iko kule chini kama ndoo kisimani, ngazi zina utelezi wa mwani, taa hakuna hata moja inayowaka, watu wanamulika kwa simu na simu yenyewe ina asilimia nne.

Nikamwendea utingo, nikamwambia kaka tuna mgonjwa, hamna mpango wowote na watu wa boti? Akanijibu kwa adabu kabisa, sitamsingizia, "Dada yangu, kazi yetu inaishia hapa." Nikashuka nikamkuta nahodha amejilaza ndani ya boti yake. Boti za abiria zipo? "Zilikwisha magharibi. Nitawavusha lakini ni spesheli." Na spesheli yake ilizidi nauli ya khalati kutoka Mombasa. Nikapandisha sauti kidogo, nikamwambia lakini mlijua basi liko njiani! Akanitazama hivi, "Mimi habari za basi nitazijuaje?" Na huyo huyo nahodha ndiye aliyembeba khalati mgongoni ngazi kwa ngazi, anakanyaga kwa kidole kwanza kabla ya unyayo, na khalati huko juu mgongoni anamwambia, "Polepole mwanangu, jicho hili bado sijamaliza kulilipa."

Mimi majibu yale mawili nimelala nayo usiku mwingi. Kazi yetu inaishia hapa. Habari za basi nitazijuaje. Mwanzoni niliwakasirikia wote wawili, halafu nikagundua wote wawili wanasema kweli. Utingo kazi yake kweli inaishia pale, na yule nahodha kweli hana njia ya kujua. Basi lina mwenyewe, boti ina mwenyewe, zile hatua ishirini katikati ndizo hazina mwenyewe. Na abiria haji akasema nilisafiri na basi halafu nikasafiri na boti, abiria anasema nimetoka Mombasa nimefika Amu. Kwake ni safari moja, akili yake haina mpaka pale ngazini.

Msidhani ni ushamba wa Lamu. Nairobi hapa tuna ugonjwa huo huo, unashuka Railways na gari yako ya pili iko Odeon, unatembea na mzigo katikati ya mji mzima kwa sababu hakuna aliyewahi kukaa akafikiria kwamba mtu mmoja anaweza kutaka gari mbili. Lakini Nairobi ukikosa gari unatembea. Mokowe utatembea kwenda wapi?

Sasa nani mwenyewe? Hapa ndipo nilipofanya kitu ambacho sijawahi kufanya, nikasoma Katiba. Si yote jamani, kidogo tu. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, sehemu ya pili, ile inayotaja kazi za kaunti, nenda namba 5, uchukuzi wa kaunti. Inataja barabara za kaunti. Inataja taa za barabarani. Inataja trafiki na maegesho. Inataja usafiri wa umma wa barabarani. Halafu inataja vivuko na bandari, ukitoa yale mambo ya meli za kitaifa na za kimataifa. Nilisoma mara tatu nikampigia khalati simu. Taa, basi, na kivuko, vyote vitatu vimekaa kwenye namba moja, kama watoto waliolazwa kitanda kimoja! Walioandika waliona ni jambo moja. Sisi ndio tumeligawanya, huyu wa basi, huyu wa boti, na wa taa tunamngoja mpaka leo.

Na chini ya kaunti kuna manispaa yenyewe. Sheria ya maeneo ya miji na majiji ya 2011 inasema manispaa iwe na bodi yake, na kazi ya bodi ni kuendesha mji, si kukata utepe. Mokowe nataka wailee kama mlango wa mji. Mtu hawezi kusema nyumba yangu nzuri na mgeni ameanguka kizingitini. Mji huu UNESCO wameuandika urithi wa dunia tangu 2001, watu wanatoka Ulaya kuja kutazama milango yetu ya kuchonga, na mlango wa kuingilia wenyewe hauna balbu.

Kuna swali huwa linaniuma, naomba mnivumilie. Mtu anayevuka Likoni kwa miguu analipa ngapi? Halipi. Halipi hata senti, anapanda feri anavuka anakwenda kazini, na ni vizuri, watu zaidi ya laki tatu kwa siku, wakilipishwa pale Mombasa inasimama. Mtu wa Lamu anayekwenda hospitali, anayekwenda benki, mwanafunzi, analipa kwenda analipa kurudi. Wote Wakenya, wote wanavuka maji ya chumvi. Najua Likoni ni karibu na Mokowe ni mbali kidogo, najua pale ni barabara kuu ya kwenda Tanzania, sababu zote nazijua, lakini mtu akiniuliza kwa nini mmoja anavushwa na serikali na mwingine anajivusha, sina jibu ninaloweza kulisema mbele ya khalati.

Lakini pia sitaki mnielewe vibaya nikaambiwa nimesema ije feri kubwa. Mimi sitaki. Feri ya serikali ikija Mokowe kesho, boti ngapi zitafungwa ufuoni? Nyumba ngapi Amu zinakula kwa boti? Ami yangu alisomesha watoto sita kwa mashua moja. Na feri si dawa ya kila kitu, tarehe 29 Aprili 1994 ile feri ya Mtongwe pale Mombasa ilizama karibu kabisa na nchi kavu, wakafa watu 272, wengi walikuwa wanakwenda kazini asubuhi. Ilijazwa kupita kiasi. Feri ya serikali, na ilijazwa kama vile boti ya mtu binafsi inavyojazwa. Ukubwa wa chombo haukuwaokoa.

Ndiyo nije kwenye laifjaketi, na hapa nitasema kama mtu wa matatu. Mwaka 2004 mwezi wa pili, waziri wa uchukuzi Michuki alipoleta zile sheria zake za matatu, mikanda, spidi gavana, abiria 14 na si zaidi, mimi nilikuwa bado shule lakini nakumbuka watu wakitembea kwa miguu kwenda kazini, na kila mtu anasema haiwezekani, matatu za Kenya hazifungiki. Zikafungika. Baadaye zikalegea, sawa, na mimi najua ni nani analegeza, lakini leo hata konda mkorofi kabisa anajua mkanda ni kitu gani. Sisi baharini bado tuko pale pale pa 2003. Mamlaka ya bahari ipo tangu 2004, laifjaketi zipo, ziko wapi? Ziko chini ya kiti, zimefungwa kwa kamba, zinanuka samaki, na nahodha akikupa unaona amekudharau. Mimi mwenyewe, mtoto wa Amu, nilikuwa naona aibu kuivaa, ati nitaonekana mtu wa bara. Tuna Mkanda wa kupitisha boti, wa kufunga kifuani hatuna.

Wengine mtasema jengeni daraja tumalize. Nimesikia sana, hasa kwa vijana. Daraja likifika gari itakwenda wapi? Vichochoro vya Amu punda wawili wenye mizigo wakikutana mmoja anarudi nyuma. Tumeona bodaboda zilivyoingia na kelele zilizofuata, watu wazima wanabanwa ukutani. Mimi daraja sitalipigania, na atakayelipigania namheshimu, tutabishana kwenye pilau.

Bandari mpya ya Lamu nitaigusa haraka kwa sababu ukiianza hulali. Machi 2012 marais walikuja, wakazindua mradi. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa pale Kililana, gati moja tu lina urefu wa mita 400, na yako matatu. Wavuvi wetu walikwenda mahakamani na 2018 mahakama kuu ikasema walipwe shilingi bilioni 1.76. Ni mambo makubwa hayo na si ya kwangu. Langu ni dogo. Kwenye maji hayo hayo, ndani ya kaunti hiyo hiyo, meli kutoka upande wa pili wa dunia inapata mahali pa kukanyaga maji yakijaa na yakipwa, usiku na mchana, na taa unaziona kutoka mbali. Khalati anabebwa mgongoni.

Basi tufanye nini. Nitasema kama mpanga magari, msitegemee falsafa.

La kwanza ni gati la kuelea. Si muujiza, ni jukwaa linalopanda na maji na kushuka na maji, boti na jukwaa ziko sawa saa zote, na kutoka jukwaani kwenda juu kuna daraja dogo lenye vishikio. Wakenya tumeshaona kitu cha kuelea, lile daraja la waenda kwa miguu la Liwatoni pale Mombasa lilifunguliwa Januari 2021, urefu wake zaidi ya mita 800. Sisi hatuombi mita 800, tunaomba urefu wa basi mbili tatu. Na likichelewa gati, taa isichelewe. Taa ni taa. Na kamba ya kushika.

La pili halina hata gharama ya saruji. Awepo mtu mmoja Mokowe mwenye simu na daftari. Basi likipita Witu utingo anampigia, tuko njiani, abiria thelathini, wagonjwa wawili, wa Faza wako watano. Huyo mtu anajua maji yatakuwa wapi saa hiyo, anawaambia manahodha, anabakisha boti moja ya zamu kwa bei ya kawaida mpaka basi la mwisho liingie. Zamu hiyo inazunguka, leo wewe kesho yule, na anayekaa zamu manispaa imlipe hata akiondoka na abiria wawili. Sisi huku tunafanya hivyo kila usiku, gari ya mwisho haitoki kwa kujaza, inatoka kwa saa, na hasara yake tunaigawana. Wenye magari walipiga kelele wiki ya kwanza, wiki ya pili abiria wakaongezeka kwa sababu mtu akijua atapata gari ya kurudi ndio anatoka nyumbani.

Bei iandikwe ubaoni. Ya mchana, ya usiku, ya spesheli, ya mzigo, ya kuli. Nahodha mwema hatapoteza kitu, naye atapumzika kubishana.

Na ofisi za basi, hata hizi za hapa Nairobi zinazokata tiketi mpaka Mokowe, ziandike saa ya maji. Majedwali ya maji yanatolewa mwaka mzima mbele, haibadiliki, si kama hali ya hewa. Tarehe fulani yanajaa saa fulani. Abiria wa Pate akiona kwamba siku hiyo Mkanda hautapitika atasafiri kesho yake alale kwa shangazi Mombasa badala ya kulala Mokowe juu ya gunia.

Mtaniambia, lakini sisi tayari tunapiga simu. Kweli. Kila mmoja hapa ana nahodha wake, umemsevu kwa simu, "Nahodha Boti," unampigia ukiwa Hindi naye anakungoja. Mimi pia ninaye sasa, ni yule yule aliyembeba khalati, namba yake niliichukua usiku ule ule kabla sijalipa. Lakini hebu fikirieni muuguzi amepewa kazi Lamu, ametoka Nyeri, hajawahi kuona bahari. Mwalimu wa kike ametumwa Kizingitini, ana masanduku mawili na mtoto. Hao hawana nahodha wao. Wanashuka saa mbili usiku wanatazama kile kiza na wanaanza kuandika barua ya kuomba uhamisho kabla hawajavuka. Halafu sisi tunauliza kwa nini walimu hawakai.

Wahenga wa kwetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na sisi wa Nairobi ndio hao wa tezi na omo, tunazunguka tunarudi. Tatizo ni kwamba tukirudi tunalalamika siku mbili, siku ya kufika na siku ya kuondoka, katikati tunakula samaki tunasahau. Manispaa ikituuliza, haya mnaochelewa mlichelewa lini, mara ngapi, mlilipa nini, hakuna aliyeandika. Tuna hadithi, kama hii yangu. Hadithi ofisini inasikilizwa, wanakupa chai, unatoka.

Kwa hivyo nimeleta hili daftari. Ni lile lile la kupangia magari, nimelichora mistari jana usiku kazini. Kila ukurasa una nafasi tano: tarehe, saa basi lilipoingia Mokowe, maji yalikuwa juu ama chini, saa ulipokanyaga Amu ama gati la Mtangawanda kule Pate, na ulilipa ngapi kuvuka. Jina lako si lazima. Jina la basi msiandike kabisa, wala la boti, sitafuti mtu wa kumfunga. Linakaa dukani kwa mwenyekiti, na asiyeweza kufika atume meseji nitaandika mwenyewe. Tukifika miezi sita, mwenyekiti na mimi na kina mama wawili tutakaowachagua leo tunalipeleka kwa bodi ya manispaa, mkononi, na nakala kwa kaunti kwa sababu ya ile namba 5.

Mstari wa kwanza nimeshaandika, ule wa tarehe 27. Khalati amenikataza kuandika kwamba alibebwa, amesema niandike alisaidiwa. Nimeandika alisaidiwa.

Na kuna kina mama watatu hapa wanaondoka leo usiku na basi la saa tatu, simameni tuwaone. Haya. Kesho kutwa asubuhi nataka saa zenu. Nimeangalia jedwali, mkifika kwa wakati mtakuta maji yanajaa, namba ya nahodha nimewaandikia nyuma ya tiketi, mwambieni mmetumwa na yule dada aliyekuwa na bibi wa jicho, atawajua. Sasa hao vijana wa mlangoni wafungulie sufuria.